Sepsisi: Dozi ya kwanza kabla ya kuteremka Uluguru

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MGONJWA mahututi wa milima ya Uluguru huanza safari ya hospitali kwa miguu ya watu wengine. Hulazwa kwenye machela, vijana hupokezana kuibeba, na njia ya mteremko inayopita katikati ya migomba huwafikisha mahali ambapo bodaboda au gari linaweza kupatikana. Wakati wa masika njia hizo huwa utelezi mtupu, na mwendo ambao mtu mzima huumaliza kwa saa mbili akiwa hana mzigo huchukua muda mrefu zaidi anapokuwa amebeba mtu.

Milima hiyo inaanzia pale pale mji wa Morogoro unapoishia. Kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138 kutoka usawa wa bahari, kinaonekana kutoka mjini, na kwa upande wa kusini Kimhandu inavuka mita 2,600. Mkazi wa mjini huiona milima kuwa jirani. Kwa mkazi wa Tegetero, Kolero, Bunduki au Tchenzema, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko mbali, na wenyeji huupima umbali huo kwa saa, kwa kuwa kilomita hazisemi lolote juu ya mteremko wala matope.

Saa hizo ndizo hoja ya makala haya. Yako maradhi yanayoweza kusubiri hadi kesho, hata keshokutwa. Sepsisi haisubiri. Swali ambalo wataalamu wamelijadili kwa takriban miaka 20 ni hili: je, mgonjwa anayeshukiwa kuwa na sepsisi aanze kutibiwa pale alipo, na wahudumu wa gari la wagonjwa au wa zahanati, au tiba imsubiri daktari wa hospitali? Utafiti umefanyika katika nchi nyingi, na majibu yake yakisomwa haraka haraka yanaonekana kupingana. Yakisomwa kwa kuuangalia umbali, hayapingani hata kidogo.

Sepsisi ni nini

Watu wengi huiita sumu kwenye damu, jina ambalo linasaidia kueleza hatari yake lakini linapotosha kidogo. Sepsisi huanza na maambukizi ya kawaida: nimonia, njia ya mkojo, kidonda, kitovu cha mtoto mchanga, tumbo la uzazi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Mwili hupambana na vijidudu hivyo, kisha mapambano yenyewe yakavuka mpaka na kuanza kuharibu viungo vya mwili. Mishipa midogo ya damu huvuja, shinikizo la damu hushuka, figo hupunguza mkojo, mapafu hushindwa kazi na akili huvurugika. Mara nyingi damu ya mgonjwa wa namna hiyo ikioteshwa maabara haipatikani na bakteria yeyote, ingawa mgonjwa yuko hatarini kufa.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipatwa na sepsisi na milioni 11 walifariki, yaani karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa karibu milioni 20 kati ya wagonjwa hao, na asilimia 85 ya wagonjwa wote walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mwezi Mei mwaka huo huo wa 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuipa sepsisi uzito unaostahili.

Dalili zake hazihitaji mashine. Kwa mtu mzima: kuhema haraka kuliko kawaida, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, mikono na miguu ya baridi, mkojo kidogo, kizunguzungu kikali anaposimama. Homa inaweza kuwepo, na inaweza kukosekana. Mzee au mtoto mchanga mwenye sepsisi wakati mwingine huwa wa baridi. Kwa mtoto: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kupoteza fahamu. Hilo la degedege lina historia yake. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walieleza jinsi familia nyingi zilivyoliona kuwa ugonjwa wa peke yake, unaostahili mganga wa kienyeji kabla ya hospitali.

Kwa nini haraka? Mwaka 2006 madaktari wa Kanada na Marekani walichapisha takwimu za wagonjwa 2,154 waliokuwa wamefikia hatua ya mshtuko, yaani shinikizo la damu kuanguka kwa sababu ya sepsisi. Waliopata dawa sahihi ya kuua bakteria ndani ya saa ya kwanza, karibu wanane kati ya kumi walipona. Baada ya hapo, kila saa moja ya kuchelewa katika saa sita za mwanzo iliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unaagiza dawa itolewe ndani ya saa moja kwa mgonjwa aliye katika mshtuko. Kwa mgonjwa anayeshukiwa tu na hana mshtuko, unaruhusu hadi saa tatu za uchunguzi wa haraka.

Uholanzi walijaribu

Kama saa moja ina thamani hiyo, kwa nini dawa isianze kutolewa ndani ya gari la wagonjwa? Uholanzi walilijaribu wazo hilo kati ya mwaka 2014 na 2016, na huo ndio utafiti mkubwa kuliko wote wa aina yake. Wahudumu wa magari ya wagonjwa walifundishwa kuitambua sepsisi. Wagonjwa 2,672 walihesabiwa katika matokeo. Kundi moja lilichukuliwa damu ya kuotesha na kuchomwa seftriaksoni ndani ya gari, kundi jingine lilipata huduma ya kawaida na dawa wakaikuta hospitali.

Kundi la kwanza lilipata dawa kama dakika 26 kabla ya kufika hospitali, na la pili dakika 70 baada ya kufika. Tofauti ni zaidi ya saa moja na nusu. Baada ya siku 28, waliofariki walikuwa asilimia 8 katika kila kundi. Hakuna maisha yaliyookolewa na sindano ya barabarani.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yamenukuliwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba tiba ya sepsisi kabla ya hospitali haina faida. Mwandishi wa makala haya anaona nukuu hizo zinaacha mambo mawili. La kwanza, wagonjwa wengi wa Uholanzi hawakuwa mahututi. Waliokuwa katika mshtuko walikuwa wachache sana. La pili, katika nchi ile tambarare iliyojaa barabara na hospitali, mgonjwa ambaye hakuchomwa sindano garini aliipata hospitali muda si mrefu. Utafiti ulilinganisha mapema na mapema kidogo. Jambo jingine lilijitokeza ambalo halikutajwa sana: kule kuwafundisha wahudumu kuitambua sepsisi kulifupisha muda wa kusubiri dawa hospitalini kutoka dakika 93 hadi 70, hata kwa wagonjwa ambao hawakuchomwa chochote garini. Mhudumu aliyeutambua ugonjwa na kuutaja kwa jina lake aliwafanya wa hospitali wakimbie.

Mpaka wa saa sita

Tanzania ina ushahidi wake juu ya jambo la namna hii, na ulipatikana kwa njia ya malaria. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Tanzania, Ghana na Bangladesh zilishiriki utafiti wa dawa ya artesuneti inayowekwa kwa njia ya haja kubwa. Wagonjwa, wengi wao watoto, walikuwa na malaria kali na hawakuweza kumeza dawa. Walipewa kidonge hicho kijijini, kisha wakaelekezwa hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009.

Kwa waliofika kituo cha tiba ndani ya saa sita, dawa ya kijijini haikuleta tofauti yoyote. Kwa waliokuwa bado hawajafika baada ya saa sita, vifo na ulemavu wa kudumu vilipungua kwa nusu, kutoka asilimia 3.8 hadi asilimia 1.9.

Tunaisoma Uholanzi tena kwa mwanga huo. Aliye karibu na hospitali haongezewi kitu kikubwa na dozi ya njiani, kwa sababu hospitali inampa dawa kwa wakati. Aliye mbali, dozi hiyo ndiyo inayompa nafasi ya kufika akiwa hai. Malaria na sepsisi ya bakteria ni maradhi tofauti na dawa zake ni tofauti, lakini hesabu ya umbali ni ile ile, na Uluguru iko upande wa pili wa hesabu hiyo.

Tofauti nyingine na Uholanzi iko wazi. Katika vijiji vyetu vya milimani hakuna mhudumu wa gari la wagonjwa anayefika nyumbani na mkoba wa dawa. Mtu wa kwanza mwenye sindano na ujuzi wa kuitumia ni tabibu au muuguzi wa zahanati. Zahanati, kwa maana hiyo, ndiyo gari la wagonjwa la Uluguru, isipokuwa haitembei.

Morogoro ilitangulia

Wasomaji wengi hawajui kwamba wilaya ya Morogoro Vijijini, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo ambalo leo ni wilaya ya Mvomero, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofuatiliwa kwa karibu zaidi kiafya barani Afrika. Kuanzia mwaka 1992 mradi wa kufuatilia maradhi na vifo uliorodhesha vifo vya wakazi wake, pamoja na vya Hai na vya sehemu za Dar es Salaam, kwa kuzihoji familia juu ya dalili za marehemu. Baadaye mradi wa TEHIP ulizisaidia halmashauri za Morogoro na Rufiji kupanga bajeti ya afya kwa kuangalia maradhi yanayoua zaidi.

Ni katika wilaya hizo mbili ambako mwaka 1997 ulianza Udhibiti wa Magonjwa ya Watoto kwa Uwiano, mpango wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Mhudumu wa zahanati alifundishwa kumchunguza kila mtoto kwa utaratibu mmoja, kuzitafuta dalili za hatari kwanza, na akiziona asimwandikie tu mama barua ya kwenda hospitali. Alitakiwa kumchoma mtoto dozi ya kwanza ya dawa ya kuua bakteria pale pale, kumpa dawa ya malaria kali inapohitajika, kumkinga na upungufu wa sukari mwilini, kumfunika apate joto, kisha kumruhusu aondoke. Dawa ya kuua bakteria ya wakati ule ilikuwa kloramfenikoli. Miongozo ya miaka ya karibuni inataja ampisilini pamoja na jentamaisini, sindano za msuli ambazo hazihitaji dripu wala chumba maalumu.

Hilo la sukari linastahili kuelezwa kidogo, kwa kuwa ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linalosahaulika. Mtoto mahututi asiyekula huishiwa sukari njiani, na ubongo wake huumia hata kama dawa inafanya kazi. Anayeweza kunyonya anyonyeshwe. Asiyenyonya lakini anameza, apewe maji ya sukari: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, katika kikombe cha mililita 200 za maji safi. Asiyeweza kumeza hanyweshwi kitu kwa nguvu. Mhudumu humpitishia kwa mpira wa puani.

Watafiti wa Ifakara na wenzao walizilinganisha Morogoro na Rufiji na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambako mpango ulikuwa bado haujaanza. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kuwa katika miaka miwili kuanzia katikati ya 2000 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zenye mpango. Wenyewe walitahadharisha kuwa kitakwimu sehemu ya tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati. Hata hivyo, huduma katika zahanati zilionekana kuwa bora zaidi, na gharama ya kumhudumia mtoto haikuwa kubwa kuliko katika wilaya nyingine.

Aidha, watafiti waliofuatilia vifo vilivyohusishwa na malaria huko Rufiji walikuta kuwa karibu wanane kati ya kumi ya marehemu walikuwa wamepelekwa kwanza kwenye tiba ya kisasa. Wale wanaopenda kuwalaumu wanavijiji kwa kuchelewa na kwa kuwaamini waganga wangepaswa kuisoma takwimu hiyo mara mbili. Familia zilikwenda. Swali ni kile walichokipata walipofika.

Dripu yenye madhara

Katika tiba ya sepsisi hakuna jambo lililowashangaza madaktari wa Afrika Mashariki kama lile la maji ya mishipani. Kwa miongo mingi vitabu vya nchi tajiri vilifundisha kuwa mgonjwa mwenye mshtuko aongezewe maji mengi kwa haraka ili shinikizo la damu lipande. Ndugu wengi wa wagonjwa nao huamini kuwa bila dripu hakuna tiba, na huona mgonjwa wao amedharauliwa asipotundikiwa.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waliingizwa katika utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa Tanzania kituo kilikuwa Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Baadhi yao walimiminiwa maji kwa kasi, wengine walipewa maji ya kawaida ya kutunza mwili tu. Ilitarajiwa kuwa maji yangeokoa. Ilikuwa kinyume: baada ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.5 na 10.6 katika makundi mawili ya waliomiminiwa, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikumiminiwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati.

Kwa watu wazima, Hospitali Kuu ya Mafunzo mjini Lusaka, Zambia, ilipata jibu linalofanana. Wagonjwa wa sepsisi wenye shinikizo la chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, walitibiwa ama kwa utaratibu wa maji mengi ya mapema au kwa namna ya kawaida. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2017, waliofia hospitali walikuwa asilimia 48.1 katika kundi la maji mengi na asilimia 33.0 katika kundi jingine.

Sababu kamili bado inajadiliwa, lakini jambo moja linaeleweka: mahali pasipo na mashine ya kupumulia, mapafu yaliyojaa maji hayana mwokozi. Mtoto aliyekaukiwa na maji kwa kuharisha ni habari nyingine. Huyo maji ni dawa yake, na hakuhusishwa katika utafiti wa Muheza. Kwa mgonjwa wa sepsisi anayengoja kubebwa kuteremka mlima, somo la Muheza na Lusaka ni kwamba sindano ya kuua bakteria ndiyo ya kutangulia, na dripu ya kasi isiwe sababu ya kuchelewesha safari.

Si kila homa

Hapa inafaa kusimama, maana kuna upande wa pili wa jambo hili. Iwapo kila mwenye homa atachomwa dawa ya bakteria kwa kuhofia sepsisi, dawa zitaisha na bakteria watazizoea.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, ndani ya mkoa huu wa Morogoro, na kuchapishwa mwaka 2014 uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa bila kulazwa. Zaidi ya nusu ya vyanzo vilivyobainika vilikuwa maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Malaria ilikuwa karibu asilimia 10, na bakteria waliokutwa ndani ya damu walikuwa katika asilimia 4 hivi. Wengi wa watoto hao hawakuhitaji dawa ya kuua bakteria.

Kwa waliolazwa picha hugeuka. Katika hospitali mbili za Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walifuatiliwa kwa vipimo vya kina. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 yao, vipimo vilionyesha malaria kuwa chanzo halisi kwa asilimia 1.6 tu. Muhimbili, watoto waliokutwa na bakteria wa kundi linaloitwa Gramu hasi kwenye damu walifariki kwa asilimia 43.5, ikiwa ni zaidi ya mara mbili ya waliolazwa kwa malaria. Utafiti huo wa 2007 ulionyesha pia kuwa waliotibiwa kwa dawa ambayo bakteria wao walishaizoea walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Kinachowatofautisha hao na watoto wa Ifakara ni dalili za hatari. Mtoto mwenye homa anayecheza na kunyonya, apimwe malaria na aangaliwe. Mtoto mwenye homa asiyeweza kunyonya, kipimo cha malaria kikionyesha hana, asirudishwe nyumbani na panadoli. Na kikionyesha anayo, bado anaweza kuwa na bakteria pia. Kwa huyo ndipo dozi ya kwanza inapohusika, ya malaria na ya bakteria kwa pamoja.

Vidonge vichache vya amoksilini kutoka duka la dawa havichukui nafasi ya sindano hiyo. Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupata maduka ya dawa muhimu baada ya majaribio ya Ruvuma, na maduka hayo yamewasaidia wengi. Hata hivyo, nusu dozi iliyonunuliwa jioni humpa mgonjwa matumaini ya usiku mmoja, na asubuhi anakuwa amepoteza saa 12.

Wazazi na watoto wachanga

Makundi mawili yana haraka kuliko mengine. Mtoto mchanga hana akiba ya nguvu. Sepsisi inaweza kumwondoa kwa muda mfupi sana. Tangu mwaka 2015, kufuatia utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Shirika la Afya Duniani linaruhusu mtoto mchanga mwenye dalili za maambukizi makali kutibiwa katika kituo cha karibu kwa sindano za jentamaisini na amoksilini ya kunywa, ikiwa familia haiwezi kabisa kufika hospitali. Ruhusa hiyo haimhusu aliyepoteza fahamu, mwenye degedege au asiyeweza kunyonya kabisa; huyo lazima asafirishwe.

Kwa mama aliyejifungua, homa, maumivu chini ya kitovu na uchafu wenye harufu ni dalili ambazo hazitakiwi kusubiri kliniki ya wiki ya sita. Malawi na Uganda zimejaribu mpango wa kuwafundisha wahudumu kunawa mikono ipasavyo, kuzuia maambukizi na kuanza tiba ya sepsisi ya uzazi mara inapotambulika: maji kwa kiasi, dawa ya bakteria, kuondoa chanzo cha maambukizi, rufaa na ufuatiliaji. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, maambukizi makali na vifo vitokanavyo nayo vilipungua kwa karibu theluthi moja.

Gari na barua

Kwa makundi hayo mawili usafiri umeboreka kuliko zamani. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuanza kupanuliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mtu kupiga simu namba 115 bila malipo kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga. Gari la wagonjwa lisipopatikana, kituo cha mawasiliano humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa njia ya simu. Ni mpango mzuri. Lakini dereva huyo ni dereva, hana mkoba wa dawa wala hakufundishwa kuchoma sindano, na gari lake haliwezi kupanda njia ya miguu. Kinachotakiwa kufanyika kabla ya safari lazima kifanyike kabla ya mlango wa gari kufungwa. Mzee mwenye nimonia na mtoto wa miaka mitatu hawamo katika mpango huo. Wao bado wanategemea bodaboda na majirani.

Upo pia upande wa hatari wa dozi ya kwanza, nao umeonekana. Kidonge cha artesuneti kilipopelekwa vijijini kwa wingi katika Kongo, Nigeria na Uganda kati ya mwaka 2018 na 2020, vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Watoto wengi waliopewa kidonge hawakumaliza safari ya hospitali, au walifika na wasipate tiba kamili. Mtoto akipata nafuu ya muda, mzazi huona hakuna haja ya kuendelea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi kusitisha upanuzi wa matumizi hayo, kisha mwaka 2023 likatoa maelekezo mapya ya kuyaendeleza pale tu ambapo rufaa na tiba ya hospitali zimeimarishwa. Muuguzi wa zahanati anayemchoma mtoto sindano ana wajibu wa kumweleza mama, kwa maneno yasiyo na shaka, kwamba hiyo ni dozi ya njiani na kwamba nafuu ya jioni si kupona.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa zaidi ya 137,000 kuanzia Januari 2024, wanaweza kuifanya kazi hiyo ya kumfuatilia mgonjwa hadi afike. Wao hawachomi sindano za kuua bakteria. Wanaweza kuzitambua dalili za hatari na kuipigia zahanati simu ili dawa iandaliwe, kama wale wahudumu wa Uholanzi walivyozifupisha dakika za kusubiri kwa kuutaja tu ugonjwa kwa jina.

Kisha kuna karatasi ndogo ya rufaa, ambayo mara nyingi huandikwa jina, umri na neno "homa". Inapaswa kuonyesha dalili ya hatari iliyoonekana, matokeo ya kipimo cha malaria, jina la dawa iliyochomwa, kiasi chake, na saa kamili ya kuchomwa. Daktari anayempokea mgonjwa usiku mjini Morogoro huihitaji saa hiyo ili apange dozi ya pili. Ampisilini hurudiwa kila baada ya saa sita, na safari ya kutoka Kolero inaweza kuwa imekwisha kuzila zote. Jentamaisini hutolewa mara moja kwa siku, na ikirudiwa mapema kwa kutojua, huweza kudhuru figo na masikio ya mtoto.